Mama hali pilipili, mtoto hali karanga: tuagize nini kwenye mgahawa wa Kithai?

Swali: Naandika kutoka Chuno, Mtwara Mjini. Mdogo wangu anahitimu chuo Dar es Salaam mwezi wa 11, na jioni ya mahafali ameshaweka meza kwenye mgahawa wa Kithai katikati ya jiji, maeneo ya Posta. Si mahali pa kifahari, ni pa kawaida, wanapokula watu wa maofisini. Tutakuwa sita: mimi na mume wangu ambaye bila wali au ugali hajala, mdogo wangu, mama yetu mwenye miaka 68 ambaye ana presha na hagusi pilipili, na wanangu wawili. Wa pili ana miaka 7. Akila karanga midomo inavimba. Sisi ni Waislamu. Sijawahi kuingia mgahawa wa namna hiyo, na sitaki mama akae anatazama wenzake wakila. Tuulize nini, tuagize nini, na tule vipi?

Jibu: Dada yangu, hongera ya mahafali, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Nilipika Dar es Salaam miaka 12, minane kati ya hiyo chini ya mpishi mkuu wa Kithai, mama mtu mzima aliyetoka kusini mwa nchi yake, na sasa nina mgahawa wangu mdogo hapa Mtwara Mjini. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwa sababu meza unayoielezea naijua. Kijana mwenyeji amejaa furaha, mama kajitanda khanga yake mpya, sahani zinaletwa, na mama anasema "nimeshiba, kuleni nyinyi" wakati hajala kitu. Hilo linaepukika kabisa. Lakini nianze na mtoto, maana mengine yote yanaweza kurekebishwa mezani. La mtoto haliwezi.

Karanga kwenye chakula cha Kithai zimetapakaa kuliko watu wanavyodhani. Zipo kwenye pad thai, zile tambi za mchele zinazokaangwa na ukwaju, yai na choroko zilizochipuka. Juu yake hunyunyizwa karanga za kupondwa. Zipo kwenye som tam, kachumbari ya papai bichi inayopondwa kinuni. Zipo kwenye mchuzi wa massaman, na mara nyingi kwenye mchuzi wa panang. Kinachonitia hofu zaidi kwa mtoto wa pwani ni satay, kwa sababu macho yatamwambia ni mishikaki ya kuku. Kweli ni mishikaki, ila inaletwa na kibakuli cha mchuzi mzito wa karanga, na mtoto wa miaka 7 hangoji kuambiwa.

Nikueleze kilichonipata, ujue kwa nini nasisitiza. Mwaka wangu wa pili jikoni, Ijumaa usiku, oda zimejaa, mhudumu alikuja akasema meza ya dirishani hawataki karanga. Pad thai yao nilikuwa nimeshaipamba. Nikachukua kijiko, nikazikwangua karanga zote za juu, nikafuta ukingo wa sahani, nikaitoa. Nilielewa "hawataki" kwamba hawazipendi. Haikupita robo saa, baba mmoja alisimama na mtoto mikononi, uso wa mtoto umeumuka hadi macho yamebaki mistari miwili. Walimkimbiza hospitali, akapona, alhamdulillahi. Mpishi mkuu hakunifokea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kinu cha som tam kilichokuwa kimeoshwa mchana ule, akapitisha kidole kwenye ukuta wake wa ndani, akanionyesha: kidole kilikuwa na utando mwembamba wa mafuta ya karanga. Halafu akanionyesha karai. Karai moja hupika sahani baada ya sahani usiku kucha, na kati ya moja na nyingine hupigwa maji na brashi tu. Tangu siku ile nimeelewa kwamba karanga hazitolewi kwenye sahani. Ama hazikuingia, ama zimeingia.

Kwa hiyo neno "hatutaki karanga" usilitumie. Sema hivi: "Mtoto huyu ana mzio wa karanga, akila anavimba, tutampeleka hospitali." Liseme kwa simu siku mbili kabla, uombe kuzungumza na mtu wa jikoni, siyo anayepokea simu pekee. Uliza mambo matatu: chakula cha mtoto kinaweza kupikwa kwenye karai lililooshwa kwa sabuni? Mafuta ya kukaangia ni ya nini? Na kitoweo cha kwenye chupa au pakiti wanachotumia, kina karanga? Mgahawa makini watakujibu bila kuudhika, na wengine watakuambia wazi kwamba hawawezi kukuhakikishia. Wakikuambia hivyo, washukuru, kisha mweleze mdogo wako abadilishe mahali. Hakuna haja ya kuona aibu. Siku ya mahafali, rudia maneno hayo hayo kwa mhudumu kabla hamjafungua menyu.

Na kabla ya safari mpeleke kwa daktari. Hospitali ya Ligula hapo ni karibu. Midomo iliyovimba safari hii si kipimo cha itakavyokuwa safari nyingine, mwili unaweza kujibu kwa nguvu zaidi. Akiandikiwa dawa, ikae kwenye mkoba wako wewe, isiachwe kwenye begi la nguo. Mkiwa mezani akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa taabu, kutapika au kulegea, msingoje kuona itakavyokuwa: ni hospitali moja kwa moja.

Utaniuliza kuhusu korosho, maana mtoto wa Mtwara asiyekula korosho ni nadra. Karanga ni jamii ya kunde, korosho ni mbegu ya mti, kwa hiyo mwenye mzio wa moja anaweza kuila nyingine salama. Ila wapo wanaodhurika na zote mbili, na jikoni hizi mbili hukaa rafu moja. Menyu itakuwa na kuku wa kukaanga na korosho, gai pad med mamuang, na mume wako atavutiwa. Wathai huiita korosho "mamuang himmaphan", yaani embe la Himmaphan, msitu wa hadithi zao za kale. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa furaha, nikakumbuka mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho ya babu. Kwao na kwetu korosho ilifika kutoka Brazili, na pilipili nayo ilitoka Amerika. Ni Wareno walioanza kuvisambaza. Lakini usiku huo, kama daktari hajasema lolote kuhusu korosho, nayo msiiagize. Korosho nzuri kuliko za Dar mnazo nyumbani.

Sasa dini. Nguruwe ni nyama ya kawaida sana kwenye mapishi ya Kithai, na kwenye menyu utaiona ikiandikwa "moo" au "mu". Shika na haya mengine yatakusaidia: "gai" ni kuku, "nuea" ni ng'ombe, "ped" ni bata, "pla" ni samaki, "kung" au "goong" ni kamba. Wengi huuliza "mna nguruwe?" wakaishia hapo. Swali lenye faida ni kama nguruwe anapikwa kwenye jiko hilo hilo, kama mafuta yake yanatumika kukaangia, na kama kuku na ng'ombe wamechinjwa kihalali. Dar mengi ya majiko haya yana wateja Waislamu na yamejipanga, ila usikisie, uliza. Uliza pia kama kuna chakula kinachotiwa mvinyo. Na ikitokea majibu ni ya kusitasita, samaki na kamba wanawatosha, karai lao likiwa safi. Nyinyi ni watu wa bahari. Mnajua kula samaki.

Nikwambie na jambo litakalomfurahisha mama: mikoa ya kusini kabisa ya Thailand, Pattani, Yala na Narathiwat, wakazi wake wengi ni Waislamu. Ule mchuzi wa massaman niliokukataza, jina lake lenyewe linatokana na neno Musulman. Una iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, nyama na viazi, na tui. Ni kana kwamba pilau na mchuzi wa nazi wamekutana njiani. Ni chakula ambacho ningependa mama yako akionje, ila kina karanga, na rojo lake nalo lina pilipili kavu, ingawa si kali kama michuzi mingine.

Tuje kwa mama mwenyewe. Watu hudhani tatizo la mzee kwenye mgahawa wa kigeni ni ugeni wa chakula. Kwa Kithai si hivyo. Mama yako amekua na nazi, ndimu, ukwaju, mchaichai, tangawizi, uduvi na dagaa wa kuanika. Jiko la Kithai limesimama juu ya vitu hivyo hivyo. Kinachomkosesha mama chakula ni pilipili tu, na jinsi tunavyoiomba ipunguzwe.

Pilipili yao ndogo huitwa phrik khi nu, maana yake pilipili mavi ya panya, kwa umbo lake. Ni ya ukoo mmoja na pilipili kichaa wetu. Ukisema "isiwe kali", mpishi anaelewa isiwe kali kwa kipimo chake, na kipimo chake mama hakiwezi. Sema "bila pilipili kabisa". Ukitaka, mwambie mhudumu "mai sai phrik", yaani usitie pilipili, ndiyo Kithai chake. Lakini hata hapo lazima ujue chakula gani kinaweza kutolewa pilipili na kipi hakiwezi. Mchuzi wa kijani, mchuzi mwekundu na panang huanzia kwenye pilipili: hupondwa pamoja na mchaichai, vitunguu saumu na kamba wa kuchachusha hadi vinakuwa rojo moja. Ukiomba mchuzi wa kijani bila pilipili, umeomba pilau bila mchele. Wataupunguza ukali kwa kuongeza tui, na mama bado atatokwa na jasho. Tofauti na hiyo, kuna vyakula ambavyo pilipili huwekwa mwishoni, nzima au vipande, na hivyo ndivyo vya kumwagizia.

Cha kwanza ni tom kha gai. Ni supu ya kuku ndani ya tui, yenye mchaichai, majani ya ndimu na mzizi unaofanana na tangawizi, ambao wauza dawa za Kiarabu hapa pwani huuita khulinjani. Ndimu hukamuliwa sufuria ikishatoka motoni, ndiyo maana harufu yake inafika mezani ikiwa hai. Pilipili huelea juu, zisipowekwa, hazikuwekwa. Nimewapikia wazee wengi supu hii na sijaona bakuli likirudi jikoni na kitu. Mwambie mama vile vijiti vya mchaichai, mizizi na majani haviliwi, anaviweka pembeni kama anavyofanya na mdalasini kwenye pilau.

Msichanganye tom kha na tom yum. Tom yum kung, supu ya kamba, ni fahari ya nchi yao, na mwaka 2024 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mdogo wako aiagize, ni haki yake usiku ule. Ila ni chachu na kali, na mara nyingi huchanganywa rojo la pilipili za kukaanga, kwa hiyo isikae mbele ya mama.

Cha pili ni samaki mzima. Waombe wa kuchemshwa kwa mvuke na ndimu na vitunguu saumu, na pilipili ziletwe pembeni kwenye kibakuli. Usikubali minofu. Mama wa Mtwara akiona kichwa na mkia anajua anakula nini, na kichwa atakichukua yeye.

Cha tatu, kuku wa kukaanga na tangawizi, gai pad khing. Ukali wake ni wa tangawizi yenyewe; kama huwa wanamtia vipande vya pilipili, waambie wasivitie. Na mboga: wana jani linaloitwa phak bung, linakua majini, ni ndugu wa matembele kabisa, hata ukiliangalia bua lake utajua. Hukaangwa haraka sana kwa moto mkali na vitunguu saumu, likiwa bado linalia menoni. Pilipili hapo nayo inatolewa ukisema.

Nirudi kidogo kwenye tui, kwa sababu kuna kitu mama atakiona na atakisema kwa sauti. Kwetu, tangu msichana anafundishwa kupika, anaambiwa koroga, koroga, tui lisikatike. Mchuzi wenye tui lililokatika, mafuta yakaelea, ni aibu ya mpishi. Kwa Wathai, kwenye michuzi yao mingi, hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Siku ya kwanza mpishi mkuu aliponiachia mchuzi wa kijani, niliinjika tui la kwanza, lile zito, nikaanza kukoroga kwa nguvu kama mama yangu alivyonifundisha. Akaniondoa mwiko mkononi. Tukasimama kimya mbele ya karai. Tui likachemka, mapovu makubwa yakawa madogo, sauti ikabadilika kutoka kububujika hadi kuchachatika, halafu pembeni pakaanza kutokea duara za mafuta yanayong'aa, na harufu ikawa ile ya bibi anapotengeneza mafuta ya nazi uani. Hapo ndipo akatia lile rojo la pilipili, likakaangwa ndani ya mafuta ya tui lenyewe. Tui la pili, jepesi, likaja baadaye na nyama. Kwa hiyo mchuzi wa mdogo wako ukija na mafuta ya kijani juu, na mama akasema "huyu kaharibu, tui limekatika", mwambie ni makusudi. Atataka kujua zaidi, na hapo utakuwa umempa mama kazi anayoiweza kuliko wote mezani.

Mezani msiagize kila mtu na sahani yake. Hilo ndilo kosa linaloharibu chakula cha Kithai kuliko jingine lolote, na wahudumu wengi Dar hawalisemi kwa sababu wateja wengi wanaagiza hivyo. Kithai huagizwa kama tunavyoandaa mkekani: wali ndio msingi, vitoweo katikati, kila mmoja anachota. Hata kwa Kithai "kula" ni "kin khao", yaani kula wali. Ndiyo maana namwambia mume wako asiwe na wasiwasi, amekwenda kwa wenzake. Wanatafuta chumvi, uchachu, utamu na ukali vikutane mezani, siyo lazima vyote ndani ya sahani moja. Ukila pad thai peke yako ukashiba, umesikia sauti moja ya ngoma.

Kwa watu sita ningeagiza hivi: tom kha gai bakuli kubwa, samaki mzima, kuku wa tangawizi, phak bung, na mchuzi wa kijani wa kamba kwa ajili ya mdogo wako na mume wako, ukiwekwa upande wao. Watoto wapewe kai jiao, yai la Kithai linalokaangwa kwenye mafuta mengi hadi kingo zinaumuka, juu ya wali mweupe; waambie lisiwe na kitu kingine ndani. Hivyo mwanao atakuwa na chakula chake kimoja kilichopikwa peke yake kwenye karai safi, na akitaka cha wakubwa, avuke kwenye samaki na supu tu. Wali mweupe wa kunukia kwa wote. Mtaona kwamba sikutaja sahani hata moja ya karanga, na ndivyo iwe. Kama mdogo wako anatamani pad thai, tambi ambazo serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram ilizieneza miaka ile Siam ilipobadilishwa jina kuwa Thailand, 1939 na kuendelea, aende nayo wiki inayofuata na wenzake. Kijiko kimoja kinachotoka sahani hadi sahani kinatosha kuleta madhara.

Ongeza na kibakuli kimoja au viwili vya wali wa kunata, khao niao. Huu ni chakula cha watu wa kaskazini-mashariki mwa nchi yao, na huliwa kwa mkono: unamega, unaviringa tonge, unachovya. Sikutanii, tonge lile lile. Mume wako aliyezoea ugali wa muhogo atajisikia nyumbani, na mama akitaka kula kwa mkono ana ruhusa ya wenye chakula. Kwa vyakula vingine wao hutumia kijiko mkono wa kulia na uma wa kushoto, uma ukisukumia chakula kwenye kijiko. Vijiti ni vya tambi za supu. Mkiwekewa vijiti na hamvitaki, ombeni vijiko, wala si ushamba; Mthai mwenyewe angefanya hivyo.

Chakula kitakuja kadiri kinavyoiva, siyo vyote kwa pamoja. Kwa hiyo sema mapema: wali na supu vitangulie, na chakula cha watoto kisichelewe. Mkikaa tu, angalia kisinia cha viungo kilichopo mezani. Kwa kawaida kina sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili na chupa ya nam pla. Pengine huwa na kibakuli cha karanga za kupondwa. Kikiwa na karanga, kiondolewe na meza ifutwe kwa kitambaa kipya.

Hiyo nam pla ndiyo ya kuangalia kwa presha ya mama. Ni maji ya samaki wadogo, wa ukoo wa dagaa wetu wa baharini, waliofungiwa na chumvi kwenye mapipa miezi mingi hadi mwaka na zaidi. Inafanya kazi ya chumvi kwenye karibu kila chakula, na chumvi yake ni nyingi mno. Kwa hiyo kwa vyakula vya mama sema "nam pla kidogo", asiongeze kutoka kwenye chupa, asichovye kwenye vibakuli vya michuzi, na supu ale kuku na uyoga, asilinywe bakuli hadi mwisho. Wali mweupe wao kwa desturi haupikwi na chumvi, kwa hiyo huo ale kwa raha. Kama daktari wake amempangia chakula, maneno ya daktari yako mbele ya yangu.

Pilipili ikimpata mtu kwa bahati mbaya, asikimbilie maji, yanaueneza moto kinywani. Wali mkavu au maziwa ndiyo dawa.

Kuhusu bei, omba menyu yenye bei kabla, uone kama VAT imejumuishwa au inaongezwa kwenye bili, na kama kuna tozo ya huduma.

Kama unataka kumzoeza mama kabla ya safari, mpikie tom kha nyumbani. Kuku nusu, tui la pili vikombe vitatu, mabua matatu ya mchaichai yaliyopondwa kwa mpini wa kisu, tangawizi vipande vitano badala ya khulinjani, majani machache machanga ya mndimu, chumvi kidogo. Chemsha taratibu kuku aive, tia tui la kwanza, epua, kamua ndimu mbili. Akiupenda, Posta atakapoiona ataitambua kama jirani.

Mwezi wa 11 maembe yanaanza, kwa hiyo mwisho agizeni khao niao mamuang: wali wa kunata uliolowekwa kwenye tui lenye sukari, embe bivu pembeni, na tui zito lenye chumvi kidogo juu. Sukari ya asili ya Wathai hutokana na maji ya maua ya mnazi au ya mivumo yao, yale ambayo mgema wetu huyaacha yawe tembo. Wao huyachemsha mapema kabla hayajachacha. Juu hunyunyizwa punje za njano zinazolia menoni. Kwa desturi ni choroko zilizokobolewa na kukaangwa, lakini kwa mbali zinafanana na karanga na wapo wanaoweka karanga kweli, kwa hiyo ya mtoto ije bila kunyunyiziwa chochote.

Mama akiwa anamalizia tui la kwenye sahani, mweleze kwamba kule nako nazi hukunwa kwa kukalia ubao wenye meno ya chuma mbele, sawa na mbuzi yake ya jikoni. Ila wao hawakuona mbuzi. Wanaiita kratai, yaani sungura.